Elfu Tano Arobaini na Moja

Wanaosema hesabu haiui mtu, waje hapa Nuvata niwaonyeshe kaburi la kaka yangu. Mimi Ilabwena nimezeeka, meno yamebaki mawili matatu, lakini ulimi bado ninao, na leo nitaueleza mkasa huu mwenyewe kwa sababu nimechoka kuwasikia vijana wakiusimulia kombo.

Vita vilianza na nguruwe. Nguruwe wa watu wa Sinaboe, kule pwani, aliingia mashamba yetu ya Kwabula, huku mlimani, akafukua viazi vikuu vya mume wangu Wayoki. Wayoki akamchoma mkuki. Alikuwa bado anambabua manyoya pale motoni mwenye nguruwe alipozuka na kumpiga mume wangu mkuki wa koo, ukatokea kisogoni. Akaangukia moto ule ule. Nilimvuta kwa miguu, nywele zake na manyoya ya nguruwe vikinuka harufu moja, na tangu hapo nguruwe sili.

Basi, kilichofuata hakikuwa cha kuambiwa. Wao waliwavizia wanawake wetu kisimani, wakawaacha wamelala kifudifudi ndani ya maji tunayokunywa. Wetu wakashuka alfajiri moja, wakakomea milango ya nyumba za Sinaboe kwa miti upande wa nje, wakatia moto makuti. Waliofanikiwa kutoboa ukuta walipokewa na mashoka. Vita vya panzi furaha ya kunguru, na kunguru wa Nuvata siku zile walinenepa hata kuruka ikawa taabu. Mwisho pande zote mbili zikakosa mikono ya kulima. Magimbi yakaoza ardhini, watoto wakawa wanakula maganda. Wafu wakahesabiwa, huku na kule, wakawa sabini.

Kwetu vita haviishi kwa maneno. Vinaisha kwa rundo. Kila upande unaleta viazi vikuu kwenye uwanja wa mpakani, vyote vinawekwa pamoja, na kila mfu wa huku na wa kule anachomekewa kigingi chake. Kisha viazi vinagawiwa vigingi vyote sawasawa, kimoja kimoja, na fungu la marehemu linabebwa na ndugu wa mama yake. Hakuna mfu anayemzidi mwenzake hata kiazi. Rundo likiisha na mkeka ukawa mtupu, vita vimekufa. Lakini kikibaki kiazi kisicho na kigingi, hicho tunakiita mdomo wazi. Maana yake ardhi inadai mtu mwingine. Vikibaki viwili, inadai wawili. Na wa kwanza kutolewa ni mhesabu mwenyewe, kwa kuwa ndiye aliyeapa kwa shingo yake.

Mengine mliyonyonya na maziwa ya mama zenu mnayajua. Rundo likishafungwa haliongezwi wala halipunguzwi. Mdomo wazi hauliwi. Atakayeula tumbo lake litaoza angali hai, na ukoo wa mama yake utakwisha. Na mtoto ambaye hajaonja kiazi hachomekewi kigingi, kwa sababu asiyekula hagawiwi.

Mhesabu alikuwa kaka yangu Tomwaya.

Tomwaya alikuwa mwembamba, mtani, mdomo mwekundu kwa popoo siku zote, kibuyu cha chokaa kikining'inia begani. Vita vile hakuua mtu, maana mkuki ulikuwa ukimtoka mkononi upande upande. Kazi yake ilikuwa namba. Tulipokuwa wadogo alinikalisha kwenye kokoto za mtoni akanifundisha kuzigawa mafungu, na nikikosea ananifinya. Namba alizizungumzia kama majirani, yupi mkarimu, yupi mchoyo, yupi haoleki.

"Elfu tano na arobaini," aliniambia rundo lilipokuwa likipangwa, "huyo ndiye mtu mpole kuliko wote ninaowajua. Mjie wawili, anagawanyika. Mjie watatu, wanne, watano, sita, mpaka mfike kumi, habakizi kitu. Kwa wafu sabini kila mmoja anapata sabini na viwili. Na sabini na mbili mwenyewe ni mtu wa watu. Wajomba wakiwa wanane wanagawana, wakiwa tisa wanagawana, kumi na wawili wanagawana. Hakuna atakayerudi nyumbani akinung'unika."

"Na akizidi mmoja?"

Akatema mate mekundu. "Elfu tano arobaini na moja? Huyo simtaki hata kumpitia mlangoni. Mjie wawili anabakiza mmoja. Watatu, mmoja. Saba, mmoja. Kumi, mmoja. Hata sabini, mmoja tu, kwa makusudi. Katika dunia nzima anasikilizana na sabini na moja peke yake: sabini na moja mara sabini na moja. Na sabini na moja naye ni jabali, hapasuliwi na mtu."

"Sasa nani atakuwa na shughuli ya watu sabini na mmoja?"

"Hakuna," akasema, akacheka. "Ndiyo maana namwita mjane."

Sinaboe walileta viazi elfu mbili mia tano na ishirini, na sisi vivyo hivyo. Tomwaya aliketi mlangoni mwa uwanja, kila kumi ikipita anachana jani, na hakuna aliyeingiza hata kiazi bila jicho lake. Jioni akafunga rundo, akaapa mbele ya pande zote, akagusa shingo yake. Watu wakaja kula na kunywa maji pembeni ya rundo, kama desturi. Wanawake wakawa wanapita na vibuyu.

Asubuhi tukagawa. Vigingi sabini vilikuwa vimechomekwa mstari mrefu, cha mume wangu kikiwa cha kwanza kabisa. Wachukuzi wa pande zote wakazunguka, kimoja hapa, kimoja pale, wakifika mwisho wanarudi mwanzo. Vyungu vilikuwa vinachemka. Watu waliokuwa wakichinjana walianza kuulizana habari za shemeji zao. Hata Mwasiu, kijana wa Sinaboe mwenye mdomo mrefu kuliko mkuki wake, aliniita dada na kuniuliza kama nitaolewa tena au nawangoja samaki waje kuniposa. Nilimtukana, naye akafurahi. Nilihisi kifua changu kinafunguka kwa mara ya kwanza tangu Wayoki afe.

Mzunguko wa sabini na mbili ukaisha. Mchukuzi akainua mkeka aukung'ute, na katika kunjo la mkeka kikadondoka kiazi.

Kilikuwa kidogo, ngumi ya mtoto, na kiunoni kimefungwa uzi mwembamba wa gome. Kikabiringika kikaja kusimama karibu na mguu wangu wa kulia.

"Hicho nini?" akauliza Kaidoga, mkubwa wa Sinaboe. Vita vilikuwa vimemlia wanawe watatu, na tangu hapo alikuwa haongei ila kwa lazima.

Wachukuzi wakamgeukia Tomwaya.

"Nakuuliza wewe, mhesabu. Hicho nini?"

"Kiazi," akasema Tomwaya.

"Naona ni kiazi. Kina kigingi?"

"Hakina."

Wakahesabu upya vigingi vyote, mafungu yote. Kila fungu lilikuwa na sabini na viwili, halizidi halipungui. Tomwaya alikiokota kile kiazi, akakigeuza, akakirudisha palepale kwenye mguu wangu kwa adabu, kwa sababu mdomo wazi hauhamishwi.

"Hiki sikukihesabu mimi," akasema. "Kina uzi. Mimi sipokei kiazi chenye uzi. Kuna mtu amekiingiza baada ya kufunga."

"Mhesabu akikosea, atausingizia hata uzi," akasema Mwasiu.

"Funga domo lako, nazungumza na mkubwa wako."

"Zungumza. Shingo ni yako."

Mjomba wetu Dabweya, mkubwa wa Kwabula, alikuwa amekaa akitazama miguu yake. Nilimngoja aseme neno. Nilipochoka kungoja, nikasimama mimi.

"Si mkitupe tu?" nikasema. "Mna akili nyinyi? Kiazi kama korodani ya mbwa, ndicho cha kumkatia mtu shingo? Kitupeni huko porini tule, watoto wana njaa."

"Kilichoingia hakitoki," akasema Kaidoga.

"Kinatoka kwa njia moja," akasema Mwasiu. "Kile basi, dada. Si una njaa? Kile hapohapo tuone tumbo lako."

Watu wakacheka, wa kwao na wa kwetu. Nilikitazama kile kiazi. Nikamwona mama yangu na dada zake na watoto wao wote wameoza kwa ajili yangu. Nikafunga mdomo, nikakaa.

Tomwaya akaja akachutama mbele yangu. Nikamnong'oneza, "Kimbia. Pita nyuma ya vyungu, mto haupo mbali."

"Vikapu vyao vile unaviona? Majani juu, mashoka chini. Nikiruka tu, wataanza na hao watoto waliokaa mbele."

"Basi waanze. Kimbia."

"Dada, sikiliza. Chukua kiazi kimoja kutoka kila kigingi. Unapata vingapi?"

"Tomwaya, niache."

"Sabini. Sasa ongeza hiki cha uzi."

Nilijua anakokwenda na nikamchukia. "Nyamaza."

"Sabini na moja. Hilo ni fungu la kigingi kipya. Na vile vigingi vya zamani kila kimoja kimebaki na ngapi? Sabini na moja." Macho yalikuwa yanamwaka, kama zamani kwenye kokoto. "Inakaa, Ilabwena. Inakaa sawasawa. Mjane amepata mume."

Nikampiga kofi. Nilimpiga kwa nguvu zangu zote mbele ya watu wote, mdomo ukamchanika, na damu yake na popoo vikawa rangi moja. Alicheka, kisha machozi yakamtoka na hakuyafuta.

"Umalizie wewe hesabu," akasema. "Mjomba Dabweya akiishiwa vidole anavua ndala za watu."

Sisi hatukuvaa ndala. Ulikuwa utani wake wa zamani, aliuokota kwa mabaharia weupe, na kila mara nilikuwa namwambia hauchekeshi. Akainuka.

Akapiga magoti mwisho wa mstari, pale kigingi cha sabini na moja kingechomekwa. Kaidoga akatoa shoka kikapuni, shoka la chuma, la melini. Wengine walitaka kumshika Tomwaya mikono, akawaambia hana haja. Kaidoga alikuwa mzee na nguvu zilikuwa zimemwishia. Pigo la kwanza lilimwingia begani, likakwama kwenye mfupa, ikabidi amkanyage mgongoni ili alichomoe. Tomwaya alipiga kelele kama mnyama. La pili lilikata nusu. La tatu ndilo lililomaliza. Damu ilikwenda mbali, ikafika kwenye mafungu ya viazi ya vigingi vya mwisho, na mbwa wakafukuzwa kwa mawe.

Mjomba Dabweya alikuwa bado anatazama miguu yake.

Wakanisukuma mbele nimalize. Nilichukua kikapu, nikaanza kwa kigingi cha mume wangu, nikatoa kiazi kimoja, nikaenda cha pili, kimoja, cha tatu, kimoja. Nyayo zangu zilikuwa zinanata. Nilihesabu kwa sauti kwa sababu ndivyo alivyonifundisha, na sauti yangu niliisikia inatoka kwa mtu mwingine. Nilipofika mwisho nilikuwa na sabini. Nikarudi nikakiokota kile cha uzi. Nikavipanga vyote kwenye kigingi kipya, kando ya mwili wake, sabini na moja. Mkeka ulikuwa mtupu. Ilikaa, kama alivyosema, na nilimlaani kwa kusema kweli.

Wakapuliza baragumu. Vita vimekufa, wakasema. Watu wakaanza kuinua mafungu.

Hapo ndipo akaja mwanamke wa Sinaboe, Isuleya, mbio mbio kutoka kwenye kibanda cha pwani. Wanawake wanaoomboleza watoto wasio na kigingi hawaruhusiwi uwanjani siku ya kugawa mpaka baragumu lipulizwe. Alikuwa amenyoa kichwa na kujipaka masizi, na upande mmoja wa uso wake ulikuwa na kovu la moto lisilopona vizuri. Alipita mbele ya watu wote bila kuwaona. Aliangalia fungu moja moja, akainama, akaenda lingine. Alipofika kwenye fungu la kaka yangu, akanyoosha mkono katikati ya viazi akatoa kile chenye uzi.

"Nimekuja kukichukua," akasema. "Hiki ni cha mwanangu."

Sijui nilifikaje. Nilijikuta nimemkaba, tumeanguka wote wawili kwenye tope la damu, namgonga kichwa chini na kumuuma sikio. Naye alinikwaruza uso, hii alama mnayoiona ni kucha yake. Lakini mkono wake mwingine haukukiachia kiazi.

"Ni wewe," nilikuwa nasema. "Ni wewe, ni wewe."

"Alikuwa hajala kiazi," akasema akihema. "Mlipotuchomea nyumba alikuwa mgongoni kwangu. Nimetoka na mbeleko tupu. Wakaniambia hagawiwi kwa sababu hajaonja. Nikasema basi nimpe kimoja. Kimoja tu, kipite katikati ya vya wenzake, kipate baraka, kisha nimpelekee. Nilikitia wakati naleta maji. Nilijua wagawaji watakiona ni kidogo watakiweka pembeni. Kuna ubaya gani?"

Ndipo akauona mwili, na kichwa. Alinitazama na hakuuliza ni nani.

Nikamwachia. Nilitaka kumuua na nilitaka kulia naye, na sikuweza lolote.

Lakini watu wetu walikuwa wamesikia. Mjomba Dabweya, yule aliyekuwa hana neno, ndiye aliyekuwa wa kwanza. Alichomoa mti uliokuwa umeshikilia chungu motoni, ncha yake ikiwaka, akamchoma nao Mwasiu paja. Nyama ikatoa sauti. Chungu kikamwagika, watoto wakaungua miguu, wakaanza kulia. Sinaboe wakapindua vikapu, mashoka yakatoka. Wetu nao, wakubwa wa amani, kumbe walikuwa wamefukia mikuki mchangani chini ya mikeka yao.

"Ngojeni," akasema Kaidoga. Sauti yake haikuwa kubwa, ila bado alikuwa na lile shoka. "Mtoto ametajwa mbele ya vigingi. Aliyetajwa mbele ya vigingi amekwishakuwa mfu wa vita. Achomekewe chake, tugawe. Kisha tutajua tuue au tusiue."

Huo ndio ujinga wetu. Hata katikati ya kuchinjana tunasimama kwanza tugawe viazi. Akachonga kigingi mwenyewe, akakichomeka karibu na cha Tomwaya. Sabini na mbili. Wakanipa tena kikapu.

Nikazunguka. Kimoja kutoka kila kigingi, vikawa sabini na moja, na kila fungu likabaki na sabini. Nikapanga kwa mtoto sabini. Mkononi kikabaki kimoja. Isuleya alikuwa amekirudisha kile cha uzi kwenye fungu la Tomwaya wakati nazunguka, na katika kuchukua kimoja kimoja, pale nilichukua hicho. Sikukusudia. Au nilikusudia, sijui.

"Kimebaki," akasema Mwasiu kutoka chini, amekumbatia paja lake.

"Safari hii mtatoa nyinyi," akasema mjomba Dabweya. "Mwanamke ni wenu, kiazi ni chenu. Mtoeni huyo Isuleya."

"Mhesabu ni nani sasa?" akauliza mtu wa Sinaboe. "Si huyu Ilabwena? Shingo ni yake."

Wakaanza kusogeleana. Mimi nilikuwa nahesabu. Sikuweza kujizuia, kichwa kilikuwa kimekwisha kufundishwa. Wakiua mmoja, mimi au yeye, vigingi sabini na vitatu. Kimoja kutoka kila fungu, vinakuwa sabini na viwili, na hiki, sabini na vitatu. Kigingi kipya kinachukua sitini na tisa.

"Vinabaki vinne," nikasema.

"Unasema nini?"

"Mkiua mmoja sasa hivi, vinabaki vinne. Mtatakiwa kuua wanne. Na mkiua hao wanne vitabaki vingi kuliko hivyo. Nyie wenye mashoka, mnasikia? Namba hii haina mwisho nanyi. Itawameza mpaka abaki mmoja wa kubeba viazi vyote."

Baadaye, kwa kokoto, niliendelea nayo. Ukiwazika hao wanne vinabaki thelathini na sita. Wazike hao thelathini na sita, sitini na tisa. Lakini pale uwanjani wanne walitosha. Niliwaona wanajaribu kufikiri, midomo ikicheza, na niliona kwamba hawataweza, na kwamba mtu mmoja akikohoa tu wataanza.

Nikakitazama kile kiazi mkononi mwangu. Kilikuwa na damu ya kaka yangu upande mmoja. Nilisikia sauti ya Mwasiu ya asubuhi, kile basi, dada.

Nikakiuma.

Kiazi kikuu kibichi kinawasha. Ulimi uliniwaka, koo likajaa ute, nikatafuna hivyo hivyo. Mama mmoja wa kwetu alijifunika uso asione nikioza. Nikauma tena, jino likagonga uzi. Nilikuwa sijamaliza nusu mkono ukanishika kifundo. Isuleya. Nilidhani anakuja kuninyang'anya cha mwanawe.

"Mwanao ana sabini," nikamwambia, mate yananitoka. "Ana sabini kama wanaume. Hiki niachie."

"Lete," akasema.

Akakitia mdomoni kilichobaki, na uzi wake, na damu yake. Tukatafuna tukitazamana. Hakukuwa na huruma kati yetu, msidanganyike. Alimeza kabla yangu.

Kisha nikawageukia. Ulimi ulikuwa umevimba, nikasema taratibu ili wanielewe. "Viazi elfu tano na arobaini. Vigingi sabini na viwili. Kila kigingi sabini. Nani ana kinachobaki? Haya, tafuteni kwenye mkeka."

Kaidoga mwenyewe aliukung'uta mkeka. Aliugeuza pande zote mbili. Kisha akaweka shoka chini, akakaa juu ya mpini wake kama mtu aliyechoka sana, na wengine wakaweka ya kwao. Watu walibeba mafungu yao wakatuzunguka mbali, mimi na Isuleya, kama mnavyoizunguka maiti ya mgeni. Fungu la Tomwaya nililibeba peke yangu, mara mbili mara tatu, maana ndugu wengine wa mama yetu hawakutaka kutembea nami.

Tukangojewa tuoze. Kila aliyepita alinitazama tumbo kwanza, ndipo uso. Likaja vuno, likaja jingine. Tumbo langu lilikuwa zima, na ukoo wa mama yangu ndio huu unaojaza nyumba hii na kelele zake. Isuleya akazaa wawili tena. Huja huku mlimani kuniletea samaki, huketi hapo mlangoni, hatuzungumzi, kisha huondoka. Siwezi kumpenda. Siku asipokuja namuulizia.

Siku hizi vijana wanasema nilikuwa shujaa. Mjinga ndiye anayesema hivyo. Hesabu mwenyewe: vigingi sabini, kila kimoja sabini na viwili, viazi vilikuwa vimekwisha kugawanyika, kilichozidi ni kile kimoja tu. Mamia ya watu walikuwa pale, kila mtu na kinywa chake. Kaka yangu alikuwa amechutama mbele yangu, shingo nzima, ananifundisha hesabu. Kiazi kilikuwa karibu na mguu wangu wa kulia, na siku hiyo nilikuwa na meno yote.